Mkono wa Kulia wa Mjomba

Mjomba alikuwa fundi vioo. Shingo ya chupa aliyovaa kidoleni kupigia gita aliikata mwenyewe, akaisugua kingo mpaka ikawa laini kama peremende iliyonyonywa. Akiitelezesha juu ya nyuzi, gita lililia kama mtu anayeanza kusema jambo, kisha akasita. Nyimbo hizo za bluzi, muziki wa kizamani wa Wamarekani weusi, alijifunza kwenye kanda, peke yake. Nami nilikua nikiitazama ile chupa.

Kisha kiharusi kikauchukua upande wake wa kushoto. Akahamia kwetu, kwa dada yake, yaani mama yangu, na gita likawekwa juu ya kabati. Baada ya muda akamwambia mwalimu wa kwaya aje alichukue Jumamosi alasiri.

"Mimi nalo basi," alisema.

Niliomba nikae nalo mpaka siku hiyo. Nilichotaka hasa ni ule mlio. Sikumjua mtu mwingine aliyekuwa nao, na sasa ulikuwa unaondoka na mfuko wa mwalimu wa kwaya.

Nikaanza taratibu. Nyuzi nilizilegeza kama alivyokuwa akizilegeza yeye, mpaka zikipigwa zote bila kushikwa zinaelewana. Chupa niliivaa kidole cha mwisho, nikaiweka juu kabisa ya mstari wa chuma wa shingoni mwa gita, bila kukandamiza. Noti zilifika mahali pake. Lakini kilichotoka kilikuwa zogo: kila uzi ulisema, hata ambao sikuugusa.

"Huyo paka mmemfungia wapi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Jumamosi asubuhi pazia likasogea. Mjomba alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Mjomba," aliniita, maana ndivyo tulivyoitana siku zote, "mkono wako wa kulia unafanya kazi gani?"

"Unapiga."

"Na wa kunyamazisha ni nani?"

Nikaitazama chupa. Akakaa kwenye kiti, akaniagiza nimwekee gita mapajani. Tangu augue hakuwa ameligusa. Nilisimama nyuma yake, nikapitisha mkono wangu wa kushoto juu ya bega lake hadi kwenye shingo ya gita. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa dawa ya kuchua.

"Wewe teleza. Mengine niachie."

Dole gumba lake likaanza: uzi mnene, uzi wa jirani, uzi mnene, kama mtu anayejua aendako na hana haraka. Nikateleza, nikatetemesha chupa kidogo.

Mlio ukatoka. Ule ule. Kwa mkono wangu huu huu wa paka.

Nikaacha kuangalia chupa. Kwa mara ya kwanza maishani nikautazama mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada kilichomoa noti, na kabla haijaisha kilikuwa kimerudi juu ya uzi ule ule kuuzima. Cha kati kiliulinda uzi ambao haukuwa na zamu. Ukingo wa kiganja uliegemea nyuzi nene, zikawa zinagonga badala ya kuvuma. Kule kusita nilikokupenda tangu utotoni, nilikodhani kunatoka kwenye chupa, kulikuwa kunapigwa huku, na vidole vilivyotua bila mtu kuviona.

"Kumbe," nilisema. Sikupata neno jingine.

"Kumbe nini? Kaa wewe sasa."

Nilikaa. Akaweka gumba lake juu ya langu mpaka likashika mwendo, kisha akaliachia.

"Haya, msalimie mama yako."

"Mama, shika..." Gumba likasimama.

"Mwanamume mzima salamu inamshinda!" mama alicheka.

Tuliendelea hivyo mpaka mchana. Niliulizwa kama nimekula, nikaulizwa naoa lini. Kila nikifungua mdomo, gumba linaganda.

"Linakusikiliza," mjomba alisema. "Likusikilize la nini? Lina kazi yake. Siku utakayoongea nalo lisisimame, mengine utayapata hata nisipokuwepo."

Alasiri mwalimu wa kwaya alibisha hodi, mfuko mkubwa wa kitambaa begani.

"Nimelifuata gita, mzee."

Mjomba alinyoosha kidevu upande wangu. "Muulize huyo."

Nilimkaribisha mwalimu, gita likiwa bado mapajani. Nikamwonyesha kiti, nikamuuliza kama alikotoka ni kwema. Nikamwomba atusamehe kwa kumsumbua, lakini gita bado linatumika.

Mwalimu alibaki amesimama. Alikuwa akiutazama mkono wangu wa kulia. Mama naye alikuwa ametokeza mlangoni na mwiko wake, akiutazama. Mjomba alikuwa amefumba macho.

Ndipo na mimi nikasikia. Uzi mnene, uzi wa jirani, uzi mnene. Gumba lilikuwa linatembea, wala halikuwa limenisikia.