Nyuki Niliyemshona Mimi

Ubao ulikataa kufunguka tangu asubuhi, na kila mmoja wetu pale nje ya kituo kikuu cha polisi aliilaumu simu yake. Mmoja aliizima na kuiwasha mpaka chaji ikamwishia. Mama mmoja mwenye miwani alipanda juu ya kifusi cha kokoto, akaiinua simu juu kabisa, akisema labda mtandao unapita huko. Mimi yangu niliipiga kofi, kana kwamba inahitaji kufundishwa adabu.

Ubao ni jina tulilolitoa sisi wenyewe. Ilikuwa tovuti ya vijana waliokuwa wakiitisha maandamano ya maji, na mwanzoni haikuwa na kitu zaidi ya picha za ndoo tupu na maneno makali. Polisi walipoanza kukamata watu, ikapata kazi nyingine. Kila aliyeachiwa alituma humo habari za wale aliowaacha ndani: jina, kituo, chumba, nguo waliyovaa. Hapo ndipo ilipotufaa sisi tunaokaa nje. Ukimwuliza askari wa zamu kama mume wako yupo, atakuambia hayupo bila hata kuinua kichwa. Lakini ukimwambia yupo chumba cha nyuma, kavaa shati la mistari, amekaa karibu na mlango, ataguna, kisha atakwenda kumtazama. Nasikia polisi waliuchukia Ubao kuliko mawe.

Wa kwangu, Baba Mapacha, ni mchoraji wa mabango. Huandika ya harusi, ya misiba, ya duka la viatu, kwa yeyote atakayekuja. Vijana walipotaka awaandikie TUNA KIU kwa herufi nyekundu, akawaandikia, na akaongeza tone la maji pembeni kwa sababu hawezi kuacha nafasi tupu. Walimchukua kazini kwake, brashi mkononi. Pampu yake ya pumu ikabaki juu ya kopo la rangi. Ndiyo niliyokuwa nayo siku ile, nimeichomeka ndani ya sidiria, na kila nilipohema ilinidunga. Sikutaka kitu kingine hapa duniani, ila kujua yuko wapi nimfikishie.

"Jamani, mimi nina mdogo wangu," nikawaambia wenzangu. "Mambo ya mitandao hayo ndiyo yake."

Mdomo wangu hauna kufuli, na kwa habari za mdogo wangu hauna hata mlango. Nyumbani tunamwita Injinia. Mama alipofariki nilimlea mimi, kwa cherehani, na alipopata kazi kwenye kampuni inayohifadhi tovuti za watu, nilitangaza mtaa mzima ingawa sikuelewa vizuri tovuti inahifadhiwaje. Niliambiwa zinakaa ndani ya mashine, na mashine zinakaa kwenye chumba chenye baridi kali. Hilo la baridi nililielewa, maana Injinia aliniletea kazi ya kuwashonea masweta. Ya kijivu, na kifuani alama ya kampuni, nyuki wa bluu. Mabawa ya yule nyuki yalinitoa jasho. Sweta moja nyuki alikaa upande kama mlevi, wakalikataa. Baba Mapacha akalichukua na kulivaa kazini mpaka likapata rangi za mabango yote ya mji.

Basi wenzangu wakanipa majina ya watu wao na namba zao za simu, nami nikawatajia namba ya Injinia waiweke kwenye simu zao, kama nitasahau mtu wampigie. Kwenye simu ya mama mwenye miwani niliiandika mwenyewe kwa sababu haoni vizuri. Nikaondoka nikijiona mtu wa maana.

Pale ofisini dada wa mapokezi alikuwa amevaa sweta langu. Siku zote nikifika, Injinia hunikalisha karibu na dirisha na kuniletea soda. Siku ile alinishika mkono akaniingiza kwenye chumba kidogo kilichojaa waya na makasha matupu, akafunga mlango. Nikadhani anaonea huruma macho yangu mekundu.

"Ubao unatukatalia," nikamwambia. "Nitafutie shemeji yako."

Hakuniuliza Ubao ni nini. Alifungua kompyuta yake, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Kisha akasoma polepole, "Kituo cha relini, chumba cha nyuma. Mchoraji mabango. Anahema kwa shida. Kavaa sweta la kijivu lenye..."

"Lenye nyuki," nikamalizia. "Ndiye huyo! Mbona kwako umefunguka?"

"Hapa mtandao wetu ni tofauti, dada."

Mimi nikacheka kwa furaha, nikamwambia nilijua tu. Nikamtajia na majina ya wenzangu, akayatafuta moja moja bila kuniangalia, na kila alipompata mmoja nilimpigia mwenzangu palepale kumwambia mtu wake yuko kituo gani. Nilipokuwa natoka akanishika bega.

"Dada, usiseme habari hizi umezipata kwangu."

Nikajua hayo ni malezi yangu, kijana hapendi sifa. Na wakati huo sifa zake nilikuwa nimeshazimwaga kwa kila aliyekuwa pale nje ya kituo.

Kituo cha relini ni nyumba ndogo yenye dirisha moja la kuongelea. Nilimwambia askari wa zamu maneno yote kama nilivyosomewa, kwa sauti ya mtu asiyetaka mchezo.

"Chumba cha nyuma tumekipiga deki, mama," akasema. "Hakina mtu."

"Afande, mimi nimeshaambiwa yupo."

"Aliyekuambia amechelewa."

Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameachiwa saa hiyohiyo, viatu havina kamba. Akaniuliza kama namtafuta mchoraji mwenye sweta. Akaniambia wote wa chumba cha nyuma walipakiwa kwenye lori asubuhi, wakapelekwa kwenye ghala la zamani la saruji, njia ya uwanja wa ndege. Alimsikia dereva kwa masikio yake.

"Yule mzee hali yake si nzuri," akasema. "Mwenzangu aliyetangulia kutoka alijaribu kuwaandikia Ubaoni lori lilipoondoka tu, ikashindikana. Na mimi nimejaribu sasa hivi. Angalia walichoweka."

Akanionyesha simu. Ule ukurasa mweupe tuliokuwa tukiuona tangu asubuhi ulikuwa umewekwa maandishi: Tovuti hii imesimamishwa. Juu ya maandishi kulikuwa na nyuki wa bluu.

Nilimtambua kabla sijasoma neno. Mabawa yale yalinichoma vidole, nayajua kuliko sura yangu. Nikamrudishia yule kijana simu yake haraka, kama mtu aliyekamatwa nayo. Nilimshukuru na kutafuta mahali pa kusimama ambapo hataniona uso. Kisha nikampigia mdogo wangu.

"Injinia, nani ameufunga Ubao?"

Nikasikia mashine zikivuma nyuma yake.

"Dada, uko wapi?"

"Nimekuuliza swali."

"Polisi walikuja asubuhi," akasema. "Wamevaa kiraia, wastaarabu tu, wakaletewa chai. Bosi akasema tuufunge upesi, tusije tukafungiwa sisi."

"Walikuwa na amri ya mahakama?"

"Walisema inakuja."

"Nani aliyeufunga kwa mkono wake?"

"Zamu ilikuwa yangu."

"Na yale uliyonisomea?"

"Nakala. Ubao kama ulivyokuwa kabla sijaufunga. Nilidhani bado yupo palepale, dada. Sikutaka uondoke mikono mitupu."

Yaani alinisomea Ubao uliokufa. Watu walipakiwa kwenye lori, aliyeona akataka kusema, hakuna pa kusemea, na mtu aliyepaziba pale pa kusemea akanituma mimi kwenye chumba kilichopigwa deki. Tena akanituma na majina ya wenzangu. Nilimwambia aufungue sasa hivi.

"Nikiufungua nafukuzwa. Pengine nakamatwa."

"Shemeji yako ameshakamatwa."

"Najua," akasema, kwa sauti ileile ya utotoni, alipokuwa amevunja kitu na amekificha chini ya kitanda. Nikakata simu. Nilitaka kumtukana, nikakuta matusi yote niliyonayo yananirudia mwenyewe.

Njiani nilimpigia mmoja wa wenzangu, na kwenye ghala la saruji nikakuta wameshaanza kufika, wakiambiana kwa simu. Kuna uzio wa waya, kisha ukuta wenye matundu ya hewa yaliyozibwa kwa nondo, karibu kiasi cha kusikilizana. Mama mwenye miwani alikuwa amekaa chini, amevua viatu. Nilikuwa nimemtuma kituo cha sokoni, akatembea na jua lote lile, akaambiwa mwanawe amehamishwa.

"Usijali, mwanangu," akaniambia. "Hawa wametuzidi mbio tu. Injinia wako amejitahidi. Mungu amweke."

Nilinyamaza. Ningeweza kusema nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiria pampu, lakini sikuwa nafikiria pampu. Nilikuwa nafikiria vile watakavyonitazama.

Nilimfuata askari wa getini nikamwambia, "Afande, humo ndani kuna mchoraji mwenye sweta la nyuki. Ana pumu. Akifia mkononi mwako mimi nitakuja hapa kila siku kukutazama usoni, sina kazi nyingine." Nikachomoa pampu kifuani mbele yake, akageuza macho kwa aibu, akaichukua.

Tulisubiri. Kisha tukasikia pampu ikilia mara moja, halafu tena, na kikohozi ninachokijua kitandani kwangu. Nikasogea mpaka kwenye waya. Baada ya muda uso wa Baba Mapacha ukatokea kwenye nondo, umepauka, midomo ina rangi ya majivu, lakini anapumua. Nyuki wangu mlevi alikuwa kifuani pake, ana doa jekundu la rangi.

"Mama Mapacha," akasema. "Nilijua utanipata. Nimewaambia wenzangu humu wasihangaike, nina shemeji yuko kwenye kompyuta, popote watakapotupeleka atatuona. Mwambie Injinia ahsante sana."

Nyuma yangu wenzangu wakaitikia ahsante ile kwa moyo kabisa. Mama mwenye miwani akainuka akanishika mkono.

"Ngojeni kwanza," akasema dada mmoja. Alikuwa na simu mkononi, na alikuwa akimtazama mume wangu kifuani, kisha simu, kisha kifua tena. "Huyo nyuki si ndiye huyu? Hawa si ndio walioufunga Ubao? Huyu baba naye ni mtu wao?"

"Wamemtia humo awasikilize wenzake," akasema mwingine.

Maneno yalifika mpaka ndani. Niliona kichwa kimoja kikigeuka nyuma ya mume wangu, na kingine. Baba Mapacha akainamisha uso akalitazama sweta lake kana kwamba ndiyo kwanza amelivaa.

"Hili?" akasema. "Hili mke wangu ndiye aliyenipa."

Usiku ule angelala na wale watu chumba kimoja, na pumzi zake zile. Basi nikasema. Nilisema kwa sauti ya kufika ndani, na sikuwahi kuichukia sauti yangu kama siku ile.

"Si mtu wao. Sweta nimempa mimi. Nyuki huyo nimemshona mimi. Mtu wao ni mdogo wangu, Injinia. Ndiye aliyeufunga Ubao asubuhi polisi walipomwambia, halafu akanisomea habari zilizopitwa na wakati, nami nikawazungusha nazo juani. Nilijua kabla sijafika hapa. Nimewasikiliza mkimwombea na nimenyamaza."

Laiti mmoja angenitukana, ningepata pa kushika.

"Injinia?" akauliza Baba Mapacha, taratibu, akinitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa. Akalivua sweta, likamkwama kichwani, wenzake wa ndani wakamsaidia kulivuta. Akabaki na fulana. Mmoja wao akamvisha shati lake mabegani.

Mama mwenye miwani alikuwa bado ameushika mkono wangu. Aliuachia bila hasira, akapapasa mfukoni, akatoa simu yake.

"Ile namba uliyoniandikia," akasema. "Nifutie, mwanangu. Mimi sioni vizuri."

Nikaitafuta. Niliikuta kama nilivyoiandika, kwa mbwembwe zangu za asubuhi: Mdogo Wangu Injinia. Nikaifuta, nikamrudishia simu. Na yule dada aliyemtambua nyuki akaninyooshea ya kwake.