Ng'ombe Asiye na Jina

"Ng'ombe si paka!"

"Nani kasema ni paka?"

"Wewe! Paka ndiye anakula, analala, anakunwa kidevu. Ng'ombe kazi yake maziwa. Maziwa hana, basi ni nyama. Hesabu ndogo hiyo, hata mimi niliyekimbia shule naiweza."

"Na wewe kazi yako nini? Mbona hatujakuchinja?"

Mama yao, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, alicheka mpaka ungo ukayumba.

Waliokuwa wanachambana hivyo ni dada na mdogo wake. Dada ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele, na dirisha lake linatazama zizi. Mdogo wake ndiye mwenye zizi. Nyumbani wanamwita Chapuchapu, maana kila kitu anakifanya mbio. Anakula mbio, anaoga mbio, hata shule aliimaliza kabla yenyewe haijaisha.

Na aliyekuwa anagombaniwa alikuwa ameingiza kichwa dirishani, anatafuna utepe wa kupimia wa dada. Alikuwa ameshafika sentimita ya arobaini.

Huyo ndiye Shangazi. Jina alilipata siku aliyoletwa, angali ndama, kwa jinsi alivyowatazama wote mmoja mmoja kama mtu aliyekuja kukagua usafi wa nyumba. Shangazi mwenyewe, dada yake baba, hajaambiwa mpaka leo. Akija kutembea, ng'ombe anaitwa "huyo".

Miaka tisa Shangazi alijaza ndoo. Sasa amekauka. Daktari wa mifugo alimpandisha mara tatu, mara zote tatu hakushika. Mara ya nne daktari alifunga mkoba wake akasema, "Huyu kastaafu, mwacheni apumzike." Chapuchapu akamuuliza apumzikie wapi, maana zizi lina nafasi mbili tu. Moja ya ng'ombe anayekamuliwa, nyingine ndiyo hiyo ya mstaafu, na Ijumaa anakuja mtamba, ng'ombe kijana mwenye mimba ya kwanza.

"Mtamba tumweke kwenye kibanda chako cha vitambaa," Chapuchapu alimwambia dada.

"Vitambaa vyangu vinuke mavi? Nani atavaa?"

"Basi bucha."

Ndivyo ilivyoamuliwa, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Mzee wa bucha alikuwa njiani.

"Kila siku mizigo miwili ya majani kichwani," Chapuchapu aliendelea, akimvuta ng'ombe atoke dirishani. "Shingo imezama mabegani kama kobe. Kwa nani? Kwa mtu anayenilipa mavi!"

"Umesema mtu," dada akamwambia.

"Nimesema ng'ombe."

"Mama, hakusema mtu?"

"Mimi niko na maharage yangu," Mama akajibu.

Chapuchapu akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Sikilizeni. Mnamjua mzee wa bucha na mwiko wake."

Walimjua. Mtaa mzima ulimjua. Lile jitu la watu, mikono kama michi, haliogopi fahali wala mbwa, lakini linaogopa jina. Zamani alinunua mbuzi, akamlaza, kisu mkononi. Mtoto akapita barabarani anamwita mwenzake, na yule mbuzi, labda jina lilikuwa moja, akaitika: "Mee!" Mzee alikaa wiki nzima hagusi nyama. Tangu hapo, mnyama anayeitika jina hamnunui, hata umpe bure. Akifika getini salamu yake ni moja: ana jina?

"Kwa hiyo leo hana jina," Chapuchapu akasema. "Dada, apa."

Dada aliutazama utepe wake uliobaki robo tatu. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti ilikuwa kavu. "Naapa. Mdomo wangu nimeushona. Na wako je?"

"Mimi? Mimi lini nimemwita jina? Namwambia sogea, basi."

Mama akakohoa.

"Mama, unakohoa nini?"

"Vumbi la maharage."

Mama huwa anaamka kabla ya jogoo, na anayajua anayoyajua. Anajua kwamba miaka yote hiyo mwanawe alikuwa anakamua kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, anamsimulia kila kitu. Yule binti aliyemkataa kwa ujumbe wa maneno mawili, kazi ya gereji aliyofukuzwa siku ya tatu, yote Shangazi aliambiwa kabla ya mama mzazi. Na siku hizi, ingawa kwa Shangazi hakuna cha kukamua, kila alfajiri kigoda bado kinapelekwa pale ubavuni. Ndoo inabaki kwa ng'ombe wa pili.

Pikapu ikapiga honi.

Mzee wa bucha aliingia na kamba begani. "Hamjambo hapa. Ana jina?"

"Hatujambo, shikamoo. Hana. Ng'ombe tu," Chapuchapu akajibu upesi.

Mzee akamgeukia dada. Dada akaonyesha mdomo wake kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Anaumwa huyu?"

"Jino," Chapuchapu akasema.

Mzee akamzunguka ng'ombe, akampapasa mgongo, akaridhika. Akamfunga kamba, wakaanza kutoka. Shangazi alitembea kwa heshima zake zote, kama anaitwa kikaoni. Chapuchapu alikuwa nyuma. Alipangusa macho kwa mkono wa shati, akalilaumu vumbi la maharage.

Sasa, nyuma ya nyumba kuna shimo la mavi, refu kupita mtu, linafunikwa kwa mbao. Asubuhi hiyo Chapuchapu alilifunua achote mbolea. Mbao akazitupa pembeni. Kurudisha mbao ni kazi ya watu wenye subira.

Dereva wa pikapu alipoachia mlango wa nyuma, mlango ule ulianguka kwa kishindo kama bati lililong'olewa na dhoruba. Shangazi akaruka. Kamba ikamchomoka mzee mkononi, na kilo mia nne zikageuka, zikatimua mbio kuzunguka nyumba, moja kwa moja kwenye shimo.

"Shangazi!"

Sauti ilikuwa ya Chapuchapu. Haikuwa sauti ya mtu anayefanya biashara.

"Shangazi mpenzi, simama! Simama mama, hapohapo! Mimi huyu! Mimi!"

Ng'ombe alisimama. Kwato la mbele lilikuwa ukingoni, udongo unaporomoka kidogokidogo. Akageuza kichwa, akaitika, "Mooo," ndefu, ya kumtuliza mtoto. Kisha akarudi taratibu mpaka kwa Chapuchapu kwenye kona ya nyumba, akampaka mate ya utepe kuanzia kola hadi kitovu.

Chapuchapu alimkumbatia shingo. "Ungevunja mguu! Kichaa wewe, ungevunja mguu!"

"Mguu unauonea huruma," dada akasema nyuma yake. "Na shingo je?"

Dereva alijifanya anaangalia tairi.

Mzee wa bucha aliikunja kamba yake polepole, duara juu ya duara. "Kijana, uliniambia hana jina."

"Hana."

"Na Shangazi mpenzi ni nani?"

"Ni... ni shangazi yangu."

"Yuko wapi, nimsalimie?"

Chapuchapu akanyoosha kidole barabarani. Ng'ombe alikuwa anamramba sikio.

"Si huyo hapo," Mama akasema kutoka mlangoni, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Mzee alimtazama ng'ombe, akarudi hatua moja. Akatupa kamba ndani ya pikapu. "Mimi mambo ya kifamilia siingilii," akasema, na gari likaondoka tupu, mlango wa nyuma unapiga makelele mpaka kona.

Chapuchapu alibaki anajipangusa shati, akizidi kulichafua. "Haya. Mtamba Ijumaa atalala wapi?"

Dada alikitazama kibanda chake. "Vitambaa vitakaa chini ya kitanda changu. Vikinuka, utavaa wewe, magauni na yote."

"Na majani? Ng'ombe watatu ni mizigo mitatu! Nani atabeba wa tatu?"

"Shingo si unayo?"

"Mmeanza!"

"Kwanza rudisha mbao," Mama akasema.

Alizirudisha, moja moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akazikanyaga kuhakikisha zimekaa. Kisha akachukua mundu na kamba ya kufungia majani. Shangazi alikuwa amesharudi dirishani, anatafuta sentimita ya arobaini na moja.

"We Chapuchapu," dada akamwita, utepe ameuficha mgongoni, kicheko kimemjaa mashavuni. "Sasa tuambie. Ni ng'ombe au ni paka?"

Chapuchapu alisimama. Mdomo wake siku zote hufika kabla yake, lakini leo ulichelewa.

"Paka hali majani," akasema kwa ukali, akageuka, akaenda zake.