Moshi wa Kununua

Firimbi ililia mara ya pili.

Nilidhani masikio yananidanganya. Kiwandani kwetu firimbi hulia mara moja tu asubuhi, tanuri la kwanza linapowashwa. Mtaa mzima hujifungia ndani mpaka moshi upungue, kisha watu hutoka na shughuli zao. Tanuri la pili lilikuwa halijawashwa tangu kila kiwanda kiwekewe kikomo cha moshi.

Na saa hiyo dada yangu, dobi mwenye pumu, huwa juu ya paa anaanika.

Nikatupa koleo. "Nani kawasha la pili?"

"Mimi," alisema msimamizi wetu, tunayemwita Kikokotoo. "Tulia, kijana. Kila kiwanda kina fungu lake la moshi. Wale wa vioo ng'ambo ya mto wamefunga mitambo mipya, fungu lao limebaki. Wameliuza mnadani, sisi tumenunua. Jumla ya moshi wa mji huu haijaongezeka hata chembe."

"Jumla haiishi mtaani kwetu. Dada yangu anaishi!"

"Basi nenda mnadani ukanunue wewe. Soko liko wazi kwa kila mtu."

"Ninunulie na wa sigara yangu, tajiri!" mfanyakazi mwenzangu mmoja akadakia. Wakaangua kicheko.

Nikakimbia. Mimi si mwoga. Nimeshaingia ndani ya tanuri lenye joto nikatoka naimba. Lakini siku ile niliogopa. Moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa milango, mzito, wenye ladha ya chuma. Juu ya paa letu shuka nyeupe zilipepea, zimeshaingia madoa. Dada simwoni. Nikaita. Nikakimbilia ngazi.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, vibanio vya nguo vimemwagika miguuni, midomo rangi ya majivu. Mabega yalipanda na kushuka, hewa haiingii. Nikampapasa mfukoni, nikaitoa dawa yake ya kuvuta, nikamtia mdomoni.

"Vuta!"

Hakuvuta.

"Vuta, dada, nakuomba!"

Akavuta kidogo. Kisha tena. Kifua kikapiga mluzi mwembamba, na mimi nimeganda, sijui kama ni mluzi wa kupona au wa kuniaga.

"Umeacha kazi, mjinga wewe?" alinong'ona hatimaye.

"Nyamaza, pumua."

"Nilisikia firimbi ya pili. Nikadhani wamekosea tu, nikaendelea kuanika." Vidole vyake vya baridi vikaning'ang'ania. "Kesho watawasha tena?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Watawasha. Wameununua."

Akafumba macho. Nikahesabu pumzi zake kwa hofu, kila moja nikidhani ndiyo ya mwisho.

"Leo hii nakupeleka kwa shangazi, ng'ambo ya mto," nikamwambia. "Halafu nauza pikipiki, nagonga kila mlango wa mtaa huu tuchange. Soko liko wazi, kasema mwenyewe. Mnada ujao nitanunua moshi kabla yao, dada, na hautafuka hata chembe. Nakuahidi."