Tableti na Mbuguma wa Salu

...na kioo chenyewe kipana kama kisinia cha chai, unakigusa kwa ncha ya kidole tu kinakufuata, ndivyo anavyosema yule dada wa kwenye tivii ya Onesmo, eti tableti hiyo imezinduliwa jana huko kwa wenzetu, wiki ijayo itakuwa Mwanza, na Onesmo ameegemea kaunta yake, remoti mkononi, ananitazama kwa lile jicho la mtu aliyekwisha kunusa hela, "Emsii, hii ndiyo saizi yako bwana, mimi kesho naingia Mwanza kufuata mzigo, nikuwekee oda?" na mimi humu dukani niliingia kununua maji tu, chupa moja ya maji ya dada yangu Salu, kwa sababu basi la Mwanhuzi linajaza abiria hapo nje, na kutoka Mwanhuzi mpaka Bukundi kwa mumewe ni vumbi tupu, chupa ninayo mkononi, nimeshailipia, inatoa jasho mpaka kwenye kiwiko, na bado sijatoka... mlango uko wazi, namwona pale kwenye benchi la stendi, amejitanda kitenge cha mke wangu, na chini ya benchi jogoo mwekundu kafungwa miguu kwa kamba ya katani, jogoo wa kurudi naye, maana kwetu mwanamke aliyemkimbia mumewe harudishwi mikono mitupu, unamrudisha na kuku ili wakwe zake wajue ametoka kwa watu, na huyo jogoo nimemchagua mimi mwenyewe asubuhi, nilimpapasa kifua nione kama kanona, kifua cha jogoo nilikipapasa, sikio la dada yangu sikuuliza hata linaumaje.

"Ina kamera mbele na nyuma," Onesmo anasema, nami naitikia ee, ee, mbele na nyuma, kamera ya nini mimi, shida yangu mimi ni makaratasi, Bariadi nzima inajua, ile sendofu ya binti wa mwalimu mkuu, upepo ukaingia chini ya turubai ukapeperusha ratiba yangu, nikaokota nilichookota, nikashika maikrofoni kwa madaha yote, "sasa namkaribisha babu mzaa baba wa bibi harusi asimame awasalimu wageni wetu waalikwa," kumbe nimeshika karatasi ya waliotangulia mbele ya haki, yule babu tulipaswa kusimama kimya kwa ajili yake, na watu wakawa kimya kweli, kisha bibi mmoja akasema kwa Kisukuma, kwa sauti, huyo akisimama mimi naondoka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka nao, utafanyaje, lakini nyumbani nililala nimegeukia ukuta. Haukupita muda akaja Renatus, emsii wa Lamadi, na tableti yake, ratiba humo, miziki humo, anapitisha kidole tu, na watu wakasema huyo sasa ndiye emsii... Si anasa basi, ni kitendea kazi, tangu Simiyu iwe mkoa kila ukumbi unatafuta msemaji, na siku hizi ni soko huria, kila mtu na biashara yake, asiye na kitu cha kuonyesha anabaki kupiga makofi, mimi mwalimu wa shule ya msingi mwenye kipaji cha kusema sina haki ya kitendea kazi? Na hela ipo, hela iko Nkololo inatembea kwa miguu minne, mbuguma mmoja, ng'ombe jike mzuri, ukimfikisha mnadani hamalizi hata nusu saa.

"Na chaji inakaa kutwa nzima, hata umeme ukatike," na umeme wa hapa unavyokatika, hilo nalo jambo, kutwa nzima, tena kama... Salu amegeuza kichwa. Konda amemwambia kitu na yeye amegeuza kichwa chote, amempa sikio la kulia, ndivyo anavyosikia sasa, la kushoto Nyanda amelifunga kwa kofi, mume wake, kofi la mtu aliyetoka pombeni akakuta ugali umepoa, na si la kwanza hilo, alipofika uani kwangu tukasalimiana kwanza kama desturi, mhola, mhola duhu, salama tupu, na damu imemkaukia shingoni, ndipo akasema, "ilumbu lyane, hili ni la mwisho, sirudi tena," ilumbu, neno wanaloitana dada na kaka kwetu, halina utani ndani yake, na mimi nikamjibu pole, pole sana dada, na moyoni, Mungu wangu, hapa ndipo panaponichoma, moyoni wakati bado anasimulia damu ilivyomchuruzika mpaka kwenye mkeka, mimi nilikuwa nawaza, basi mbuguma atarudi kwa Nyanda, basi tableti imekwenda. Hivyo hivyo. Simsingizii mtu, hakuna shetani aliyepita, ni mimi niliyewaza.

Maana yule mbuguma ni wangu, si wangu, yuko kwenye zizi la baba mdogo Ngeleja, mweupe mwenye doa shavuni, na alikuja na mahari ya Salu, nakumbuka siku waliyoingia wale ng'ombe kutoka Bukundi, mimi ndiye niliyefungua zizi, ndevu ndiyo zinaanza, napiga mluzi, na yeye wakati huo ndama tu, amelia njia nzima bila kukoma, nikampa jina Redio, watu wakacheka kwa sababu walijua redio nilivyokuwa naitaka mwaka ule, na Salu yuko ndani anasukwa nywele, hakuna aliyemuuliza kitu, akatoa kichwa dirishani akasema, "haya, mimi naondoka, nimekuachia redio," akacheka na yeye, kile kicheko chake cha puani... Wale wengine walitoka tena wakaenda kwa kina Jenipha, ndipo nikaoa, mke niliye naye kaletwa na ng'ombe wa Salu, watoto wangu wanaoniita baba wameletwa na ng'ombe wa Salu, aliyebaki zizini ni Redio peke yake, na Salu akisema ndoa basi, ng'ombe lazima warudi Bukundi, hana mtoto kule wa kupunguza idadi ya kurudishwa, Redio atangulie na wengine nihangaike nao mimi, miaka. Lakini akirudi kwa Nyanda... ah, akirudi, Redio anabaki, Redio anauzwa, Redio anageuka kioo.

Jumapili tulikaa, baba mdogo kwenye kiti, mimi kwenye kiti, Salu kwenye mkeka, baba mdogo akasema kifupi kama kawaida yake, "ng'ombe mtawatoa wapi?" mzee wa watu angalau alisema lililokuwa tumboni mwake, akaniachia mimi msomi nimalizie, nikakohoa, nikatoa ile sauti ya ukumbini, nzito, yenye asali, "dada yangu, ndoa ni uvumilivu, alichokiunganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe," maneno yaleyale ninayowamwagia maharusi wakati keki inakatwa, hata mkono niliunyanyua, jamani, mkono, mbele ya watu wawili... Salu akanielekezea sikio lake zima, akasikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Keneth, kama ni ng'ombe sema ni ng'ombe. Mungu muache." Basi. Akachukua ungo akaenda kupepeta mchele na Jenipha, mimi nikabaki pale na mkono wangu.

"Emsii, umehama?" Onesmo anacheka, "au unamwogopa shemeji?" na shemeji yake huyo, Jenipha wangu, tangu Jumapili ananipakulia chakula na kuondoka, leo asubuhi alivua kitenge chake, kile alichokuja nacho siku ya ndoa yetu, akamtanda Salu mabegani, akafunga fundo, akarudi jikoni, na mimi nikajifanya bado namkimbiza jogoo. Anajua. Aliyeletwa na wale ng'ombe anajua bei yake kuliko mimi niliyefungua zizi, na mimi na uzima wangu wote nikamtazama anafunga lile fundo nikasema, haya twende, basi lisituache... na bado macho yananirudi kwenye tivii, yule dada anapitisha kidole, picha inakua, inapungua, inakua tena, nzuri, jamani ni nzuri, hapa nilipo na aibu yangu yote bado naitaka, sijui mtu ameumbwa na nini, na nikiwa nayo nitasoma nini humo, nitasimama mbele za watu niseme bwana harusi mpende mkeo, mkeo ni ua, huku kidole changu kinateleza juu ya sikio la Salu, na watu watasema sasa Keneth ndiye emsii.

Konda anagonga bati la basi, "Mwanhuzi, Mwanhuzi, siti za mwisho!" na Salu ameinama, anainuka, hapana, hainuki, anamshika jogoo, anamlegezea kamba, anamsugua miguu taratibu kwa kidole gumba pale ilipokaza, kumbe nilimfunga mno, na jogoo mwenyewe anakwenda kuliwa na Nyanda, Nyanda atamla, atanyonya mifupa, atasema shemeji yangu mwalimu ni mtu wa maana, na siku nyingine ugali utapoa tena... Limebaki moja. Haki ya Mungu sikuwa nimelifikiria hilo, siku zote hizi nawaza ng'ombe na kioo na kamera mbele na nyuma, sikufikiria kwamba limebaki sikio moja, na mimi ndiye ninayelipeleka, nalipeleka kwa basi, na maji ya kunywa nimelinunulia, likienda na hilo nitakuja kumwambia pole kwa upande upi, hata sauti yangu ya asali haitamfikia, nitakuwa nachezesha mdomo tu mbele yake kama samaki wa Lamadi kwenye tenga.

"Nikuwekee au nisikuwekee?" anauliza Onesmo, na chupa bado iko mkononi, tivii bado inasema, basi bado linanguruma hapo nje, dada yangu hajatazama huku hata mara moja, na mimi najifunza maneno, machache, yasiyo na asali, nayarudiarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, ni ng'ombe, Salu, ilikuwa ni ng'ombe, tena haikuwa hata ng'ombe, ni kioo, Mungu hakuwemo, Redio na arudi na wale wengine nitawatafuta mimi, nitakwenda nikae upande wake wa kulia niseme hivyo, na asiponiamini atakuwa na haki, na baba mdogo atakuja juu, na aje, sijui kama nitaweza, sauti yangu ya kawaida sijaitumia siku nyingi, sijui hata iko wapi, nianzie wapi... nianzie kwa jogoo. Dada, mfungue huyo jogoo, huyo tutamla sisi nyumbani.