Mshenga Mbele ya Madiwani

Semahoro hakuwahi kwenda kuposa akarudi mikono mitupu. Tangu milima ya Kivu Kusini mpaka Louisville, mabinti aliowaombea ndugu zake walitolewa, hata wale ambao baba zao walikuwa wamenuna kweli kweli. Basi shemeji yake Mukandoli alipomwambia kwamba madiwani wa mji wao mdogo, pembeni mwa Louisville, wanataka Kiingereza kiwe lugha pekee ya serikali ya mji, hakushtuka. Alitoa suti kabatini.

Mukandoli ndiye aliyekuwa roho juu. Mwaka uliopita watu wa zimamoto walikuja kanisani na mkalimani, wakawafundisha kwa Kiswahili namna ya kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Haukupita muda, mumewe Rugaba akaanguka jikoni, na mikono ya Mukandoli ikamrudisha. Sasa yeye huenda kazini ghalani usiku, na Rugaba hubaki na mkwe wao Umwali, aliyefika juzijuzi kutoka kambi ya wakimbizi bila neno la Kiingereza. Mafunzo mengine yalipangwa mwezi ujao. Sheria ikipita, mafunzo ya Kiswahili hayapo tena, na Rugaba atabaki na mtu asiyejua la kufanya.

"Tutaenda sawa batu benye kuposa," Semahoro akasema. "Donc, tuende wote."

Wakaenda wote wa kanisani, magari yamejaa. Mlangoni mwa ukumbi wa madiwani, karani aliuliza ni nani watakaozungumza. Mshenga hawafichi wenyeji watu aliokuja nao, kwa hiyo Semahoro akataja jina la kila mmoja, akidhani ni adabu tu ya kuingia.

Kila msemaji alipewa dakika tatu. Semahoro akaitwa wa kwanza, na Ingabire, binti wa kanisani anayesoma chuo, akasimama kando yake kutafsiri.

"Bon, bakubwa betu, tunawasalimia. Muliamuka muzima? Bibi zenu beko aje? Na batoto benu, beko muzima?"

Akanyamaza kusubiri jibu, kama inavyotakiwa. Jibu halikuja. Bwana Hensley, diwani aliyeileta hoja, alikuwa akiangalia saa. Huyu ndiye baba wa binti, Semahoro akajisemea, na moyo ukamtulia, maana walionuna aliwazoea. Akauliza tena habari za watoto, akapitia mvua, akausifu mji na barabara zake. Alipokuwa anaanza kuwasifu wazee waliozijenga, taa nyekundu ikawaka.

Ingabire aliona aibu. "Papa, muda umeisha na haukusema kitu," akamnong'oneza.

"Nimesalimia," Semahoro akajibu, akaketi kwa raha zake. "Mushenga hasemi posa mbele ya salamu."

Mwenyekiti akaita jina lililofuata. Yudita, mwimbaji wa kwaya, akasimama na kushika pale pale Semahoro alipoachia. Baada yake akaja Enoki, mchungaji wao, akaendelea pale Yudita alipokomea. Hapo ndipo madiwani walipoanza kutazamana. Wasemaji walikuwa wengi, hotuba ilikuwa moja, na hakuna aliyekuwa na haraka. Enoki akawafikisha kwenye habari ya watu wa zimamoto. Mukandoli akaeleza la jikoni, akakandamiza hewa kwa mikono miwili kuwaonyesha.

"Umwali naye ajifunze," akasema. "Ni hilo tu tunaomba."

Jina la mwisho lilikuwa la Rugaba mwenyewe. Alisimama polepole, kofia mkononi. Posa ikishasemwa, mwenye neno ni mwenyeji, na Rugaba alilijua hilo.

"Miye dakika zangu ninapatia ule muzee," akasema, akimwonyesha Hensley kwa kofia. "Atujibu."

Mwenyekiti alipekua kanuni, hakuona inayokataza. Hensley alimtazama Rugaba, akaitazama mikono ya Mukandoli, kisha akamgeukia Semahoro.

"Watoto wangu hawajambo," akasema, na Ingabire akatafsiri. "Asante kwa kuuliza."

Kura zilipopigwa kwa kuinua mikono, mkono wa Hensley ulibaki mezani, na sheria ikaanguka kwa kura hiyo moja. Umwali, ambaye hakuelewa mikono ile ilikuwa na maana gani, akamvuta mama mkwe wake gauni.

"Utajifunza," Mukandoli akamwambia, akalia bila kujificha.

Semahoro peke yake alibaki na kinyongo kidogo.

"Wametoa binti haraka sana," akalalamika walipofika kwenye magari. "Na miye nilikuwa sijafika ata kwa ng'ombe."