Kabati Lililogonga

Gu! Gu! Gu!

Mlio ulitoka ndani ya kabati, na walimu watatu waliokuwa wametoka kulisukumia ukutani wakaganda. Kabati lenyewe halikuwa na ubao wa nyuma, na mlangoni pake palibandikwa karatasi tangu enzi na enzi: LIMEFUNGWA.

Mwenye donge moyoni alikuwa mwalimu wa falsafa, ambaye shule nzima ilimwita Kwanini. Kabati lilikuwa limekalia pahali pa meza yake, kati ya mlango wa maabara na mlango wa chumba cha ibada. Asubuhi mkuu wa shule alikata shauri: "Sayansi inapima, dini inaamini, wewe unauliza tu. Meza itoke, na somo lako litoke nayo."

Gu! Gu!

"Mbao zinatanuka kwa joto," alisema mwalimu wa sayansi, jicho kwenye saa. "Mapigo arobaini kwa dakika."

"Joto gani lina hasira hivyo?" mwalimu wa dini akamcheka. "Hiyo ni nafsi inayotubu. Tuiombee."

"Nifungulieni, wajinga nyie! Ni mimi, mkuu wenu! Nimeingia kwa nyuma nipime kina, mkanibana ukutani!"

"Kauli moja si ushahidi," alinong'ona wa sayansi. "Arudie mara tatu."

"Na shetani naye huiga sauti za wakubwa," akaongeza wa dini.

Kwanini alijua akinyamaza, mkuu atakaa humo na meza itarudi bila mwenye kuizuia. Akajaribu kunyamaza. Swali likamwasha kooni kama pilipili, likamshinda.

"Jamani, nani kati yetu ameuvuta huo mlango?"

"Uvutwe vipi? Husomi?" wa sayansi akamkemea.

Kwanini akauvuta. Ukafunguka. Mkuu akadondoka, futi ya kupimia shingoni, utando wa buibui hadi kwenye nyusi.

"Mpumbavu gani aliwaambia limefungwa?"

"Aliyeandika karatasi, mkuu."

Mkuu akaitazama. Mwandiko ulikuwa wake.

"Na wewe humo ndani," Kwanini akauliza, "hukuusukuma mlango?"

"Niusukume wa nini, na najua limefungwa?"

Mwalimu wa sayansi akakohoa. Wa dini akatazama dari.

"Rudisha meza yako, ndugu yangu," mkuu akasema kwa sauti ya chini. "Ila swali hilo usije ukaniuliza mbele ya wanafunzi."

Kwanini akaweka mkono kifuani.

"Naahidi, mkuu. Mimi sitauliza. Nitawafundisha wakuulize wao."