Fyekeo Langu na Vipepeo wa Shemeji

Katika kazi yetu ya kufyeka, utepe mwekundu una maana moja tu: fyeka hapa. Msimamizi huuzungusha asubuhi, sisi tunafuata. Kwa hiyo nilipoukuta umezunguka nyasi ndefu nyuma ya maabara ya chuo, nilizimaliza zote kabla ya chai, tena kwa mluzi.

Kumbe utepe ulikuwa wa shemeji, mdogo wa mke wangu, mtafiti wa vipepeo tunayeishi naye.

"Shemeji," aliniambia polepole, "umenifyekea miaka miwili."

Akanieleza huku anafuta machozi. Kipepeo wake hana habari na maua ya bustanini. Hutaga mayai kwenye nyasi ndefu tu. Kiwavi akitoka anazila hizo hizo mpaka ananenepa, kisha anateremka shinani na kujifungia ndani ya kifuko. Ijumaa walimu wake walikuwa waje kuona vipepeo wakitoka. Wasipotoka, utafiti unafutwa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nyumbani mke wangu alinipakulia chakula kisicho na chumvi, na hakuwa amesahau.

"Hivyo vifuko vinakaa wapi hasa?" nikauliza.

"Chini kabisa. Vidole vinne kutoka ardhini," shemeji akajibu. "Si umeshavikata?"

Nikaacha kutafuna. Kufyeka chini kunataka kuinama, na mimi na kuinama hatuelewani. Nina barua mbili za onyo kwa kuacha visiki vya shubiri nzima.

Asubuhi tulipiga magoti pale wote watatu. Vifuko thelathini na kimoja, vizima, vimeshikilia visiki vyangu. Shemeji alicheka na kulia kwa pamoja, nami nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Ijumaa vipepeo walitoka mbele ya walimu, kahawia, wadogo, wakikausha mabawa. Msimamizi akafika na barua ya tatu mkononi.

"Nani kafyeka hovyo hivi?"

"Mtaalamu wetu," shemeji akamjibu, bila hata kutabasamu.

Siku hizi pana kibao: eneo hili lisiguswe na mfyekaji mwingine. Mke wangu anasema hajapata kuona uvivu ukiwekewa kibao. Anasema hivyo huku ananipakulia, na chumvi imerudi.